Vidato Vinane

Royce alitaka shimo.
Baba yake alikuwa na shimo, na babu yake pia,
handaki la matofali nyuma ya banda la kuku,
mitungi ya pichi rafuni, na nyoka mmoja wa mahindi
aliyejiona mwenye nyumba.
"Upepo haujui kuchimba," alisema Royce,
na huku Oklahoma neno hilo
hupokelewa kama sala: unaitikia, unaendelea kula.

Mimi nilikwenda na futikamba.

Kwenye uwanja wa muuzaji, nje ya Chickasha,
yamepangwa kama makabati yaliyokosa nyumba:
ya kufukia uani, ya kuzika chini ya gari,
ya chuma, ya kusimama, rangi ya maziwa.
Kijana wa mauzo alinisimulia majaribio yao.
Walirusha boriti kwa mzinga, alisema,
ukuta ukabaki na kovu tu, kama la ndui.
Nikamwuliza, vidato vingapi?
Akahesabu kwa kidole. Vinane.

Sasa, mama mkwe wangu Opal ana miaka tisini na mmoja.
Ana goti la bandia na goti la ukaidi.
Kutoka kitandani kwake hadi mlango wa nyuma
ni sekunde arobaini na moja.
Nilimpima kwa saa ya jikoni
naye akidhani namsindikiza kutazama ndege.
King'ora hukupa dakika kumi, pengine tano.
Usiku, pengine hakisemi kitu.

Nikabeba gunia la chakula cha kuku, ratili mia moja na tano,
uzito wa Opal akiwa na viatu,
nikashuka nalo kwenye shimo la maonyesho.
Kidato cha tatu likaniponyoka.
Pumba zikatiririka hadi chini.
Royce alizitazama zile pumba.
Habari za upepo na kuchimba hakuzirudia tena.

Basi, chuma. Gerejini,
hatua kumi na nne kutoka kitandani, bila kizingiti.
Gari litalala nje na mvua ya mawe.

Bwana Postoak, fundi, alitoboa sakafu mara moja
akazima mashine, akapiga magoti, akachungulia tundu.
Zege letu lilikuwa na unene wa kitabu cha nyimbo.
"Bolti haishiki kwenye biskuti," alisema.
Tukavunja, tukasuka nondo, tukamwaga upya.
Siku ishirini na nane likomae.
Ilikuwa tarehe tatu Aprili.

Kila alasiri anga iliiva upande wa kusini-magharibi,
kijani cha chupa, kijani cha jeraha.
Usiku wa kumi na tisa king'ora kililia.
Tukajikunyata ndani ya beseni la kuogea, watu watatu,
godoro kichwani, goti la bandia mbavuni mwangu,
na Opal gizani akiuliza
nani kaacha sabuni hapa.
Kisulisuli kilipita maili sita kaskazini.
Kikachukua ghala lote la Ledbetter,
kikamwachia mlango, umesimama,
umefungwa kwa kufuli.

Mei, Postoak alirudi na bolti nene kama vidole gumba vyake.
Mlango unafungukia ndani, alieleza,
kifusi kisije kikawafunga.
Makomeo matatu. Matundu ya hewa.
Akaupiga ukuta kofi
kama apigwavyo ng'ombe aliyekwisha kulipiwa.

Opal akaingia na mkongojo wake, akaketi, akanyamaza kitambo.
"Pananuka duka la matairi."
Kisha akaomba msumari wa kutundikia sweta.
Kutoboa hairuhusiwi. Royce akamletea sumaku.

Kituo cha zimamoto kina fomu yake.
Sanduku liko upande gani wa nyumba,
wachimbe wapi endapo upande hautakuwepo.
Idadi ya watu ndani.
"Andika kwa penseli," alisema Opal,
macho hayatoki kwenye chemshabongo.

Penseli nilikuwa nayo, sikioni, ile ya vipimo.
Nikaenda jikoni kutafuta kalamu ya wino.
Nilifungua droo zote.